Stesheni: kukagua begi sio ulinzi jamani

Kila nikiongea na watu wa nyumbani habari za treni lazima atokee mmoja aniambie nyie huko Ulaya mmestarehe, stesheni zina kamera kila kona, hamuibiwi hamsukumwi. Huwa nashindwa nianzie wapi maana kamera kweli zipo ila hiyo starehe anayoisema siijui. Mimi nimekulia Dar, sasa niko London miaka mingi tu, treni za kwenda kazini nimepanda huku na huko, kwahiyo ngoja niseme ninavyoona mimi, asiyekubali abishe.

Kwanza hawa wenzetu hawakuzaliwa na usalama. Tarehe 18 Novemba 1987 stesheni ya King's Cross iliwaka moto jioni watu wakitoka makazini, inavyoaminika ni njiti ya kiberiti ilidondoka chini ya ngazi za umeme, na ngazi zenyewe enzi hizo zilikuwa za mbao, huko chini kumejaa grisi na uchafu wa miaka na miaka. Walikufa watu 31. Na sigara zilikuwa zimeshapigwa marufuku humo ndani, ila watu walikuwa wanawasha wakiwa kwenye ngazi wanatoka, nani amkataze nani. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana wafanyakazi hawakufundishwa vya kutosha wafanye nini moto ukitokea, na wakubwa wao walishavizoea vimoto vidogovidogo wakaona ndo kazi ilivyo. Hapo kwenye kuzoea ndo huwa pananiuma, maana napajua. Ngazi za mbao zikaanza kung'olewa, ya mwisho kwenye treni za chini ya ardhi imekuja kutolewa 2014, yaani hata kwao mambo yalichukua muda.

Au chukua mapipa ya taka. Mgeni akifika London anazunguka na karatasi mkononi analalamika mji gani huu hauna pa kutupa uchafu. Februari 1991 IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland waliokuwa wanapinga utawala wa Waingereza, waliweka bomu ndani ya pipa la taka stesheni ya Victoria, mtu mmoja akafa na wengine wengi wakaumia, basi mapipa yakaondolewa. Siku hizi yakiwepo utakuta mfuko unaoonyesha ndani umening'inizwa kwenye duara la chuma, kila anayepita anaona kilichomo. Bei rahisi kabisa hiyo, na hakuna askari anayelinda mfuko.

Kwahiyo mimi kamera siwaonei wivu. Ninachowaonea wivu ni kwamba mtu akifa stesheni kuna watu kazi yao ni kuuliza imekuwaje, na jibu linaandikwa, na mimi hapa mlalahoi naweza kulisoma. Tangu 2005 wana kitengo cha kuchunguza ajali za reli ambacho hakimshtaki mtu, kinatafuta chanzo tu na kusema nini kibadilishwe. Mwaka 2020 kuna mtu mwenye matatizo ya kuona alidondoka relini kusini mashariki ya London akagongwa, ukingo wa jukwaa lile haukuwa na zile tofali zenye vinundu ambazo asiyeona anazisikia kwa mguu akajua amefika mwisho. Ripoti ikatoka, ikasema wazi, na kazi ya kuweka vinundu kwenye majukwaa yaliyokuwa hayana ikaharakishwa. Sasa nyumbani, tuambizane ukweli, mtu akigongwa kwenye kivuko cha reli tunasikia alikuwa amevaa headphone, au dereva wa daladala alilazimisha kupita, tunasikitika, kesho yake kivuko ni kilekile na geti halipo.

Treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa mjini Dar, mnaikumbuka ilivyoanza Oktoba 2012, ya Stesheni kwenda Ubungo na ile ya Tazara kwenda Mwakanga. Watu waliipenda mpaka wakaipa jina la waziri, na ilistahili, foleni ya Dar kila mtu anaijua. Ila treni iliongezwa kwenye reli ambayo watu walishaifanya njia ya miguu, hakuna uzio, unakuja kutoka upande wowote unaotaka, mama na ndoo yake anakatiza, wanafunzi wanakatiza, treni haijasimama watu wameshaanza kuikimbilia mlangoni. Na vibaka dakika yao ni hiyohiyo, mikono yako yote iko juu inatafuta pa kushika, simu inaondoka na wewe huna habari. Muda huo mlinzi yuko wapi? Yuko getini anaangalia tiketi. Ukimfuata anakwambia mimi wa geti bro, nenda kwa afande, na afande unamtafuta.

Sio kwamba hatuna watu. Kikosi cha Polisi Reli kipo, walinzi wapo, migambo wapo, tena wengi kuliko huku. Ila wamewekwa wawalinde kampuni na tiketi zake na nondo zake, abiria akisukumwa hana mwenyewe.

Huku ni kinyume, utaratibu upo watu ndo hawapo. Stesheni ninayoshukia usiku ikifika saa fulani hamna mfanyakazi hata mmoja, kuna kitufe ukutani unabonyeza anaongea mtu ambaye hata hapajui, anakuuliza unaandikaje jina la stesheni. Vijana wanakaa kwenye ngazi na nyuso wamefunika, huyu amelewa, yule anapiga kelele peke yake, na visu London sio hadithi. Madirisha ya tiketi ya treni za chini ya ardhi walishayafunga kufika 2015, halafu 2023 wakataka kufunga na mamia ya madirisha kwenye stesheni za treni nyingine, watu wakaja juu, hasa walemavu na wazee na chama cha wafanyakazi, yalipelekwa maoni kama laki saba na nusu mpaka Oktoba mwaka huohuo serikali ikawaambia waachane nayo. Walikuwa wanabana pesa tu, mtu wa dirishani kwenye hesabu zao anauza tiketi, kwamba anakuona ukidondoka hilo halina bei kwenye karatasi yao.

Na kuna hili la kina dada, nisilipite haraka. Kushikwashikwa kwenye msongamano kupo Dar na kupo London, asikudanganye mtu. Tofauti ni baada ya hapo. Huku kuna namba ya polisi wa reli, 61016, unatuma meseji kimyakimya bila aliyekushika kujua, na wanazifuatilia. Ila behewa zima litakuwa linaangalia simu, unaweza ukalia machozi watu sita pembeni wasikuulize una nini. Nyumbani binti akipiga kelele stesheni nzima inageuka, tena mama mmoja ataanza kumsema yule jamaa kabla hata hujamaliza, hicho kitu nakimiss sana kusema kweli. Tatizo kelele hizohizo zikiwa za "mwizi!" hakuna anayesubiri ushahidi, na wapo walioumizwa au kuuawa kwa kufanana tu na mtu. Binti naye akienda kuripoti swali la kwanza ataulizwa ulivaa nini.

Sasa mtu atasema bongo tumebadilika, tuna SGR. Kweli, tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro kisha ikaenda Dodoma, nimepanda nikiwa likizo nikafurahi, uzio upo, mizigo inapita kwenye mashine, tiketi ina jina lako. Hongera zao. Lakini hiyo ni treni ya safari, unafika mapema unakaa unasubiri. Ukichukua utaratibu huo ukaupeleka kwa mtu wa Pugu anayewahi kazini asubuhi utatengeneza foleni nje ya geti, na foleni nje ya geti ndo umati uleule umeuhamisha tu. London Julai 2005 mabomu yalilipuka kwenye treni tatu na basi moja, yakaua watu 52, na bado mpaka leo hakuna anayepitisha begi kwenye mashine akipanda treni ya chini ya ardhi, maana mamilioni wanapanda kila siku, stesheni zingesimama.

Hatari nyingine haina hata adui. Mumbai Septemba 2017 mvua ilinyesha, watu wakajibana kwenye daraja jembamba la miguu la stesheni ya Elphinstone Road, wakakanyagana, wakafa zaidi ya 20. Hakuna begi ambalo ungelikagua. Ni upana wa daraja na mtu wa kuzuia wengine wasiendelee kupanda, basi.

Na msiniambie watu wetu wakorofi hawafundishiki. Watu walewale wa kudandia mlango treni ikitembea, waweke SGR, wanapanga mstari na kiti cha namba yake anakitafuta taratibu. Sehemu ikipangwa watu wanajipanga.

Ningekuwa na sauti ningeanza na taa kwenye kila kituo cha treni ya mjini, halafu asubuhi na jioni yule mlinzi wa getini nimtoe aende ukingoni kwa reli, awe na filimbi na ruhusa ya kumwambia dereva subiri. Kila anayegongwa kivukoni iandikwe ripoti tuisome. Na namba ya kupiga iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, sio mtu akalalamike kwenye ofisi ambayo saa kumi na moja jioni imeshafungwa.