Sirosisi ya homa ya ini B: dawa moja yenye nguvu au dawa mbili?

Hoja ya kumpa mgonjwa wa sirosisi, yaani aliyejaa makovu kwenye ini, dawa mbili dhidi ya virusi vya homa ya ini B kwa wakati mmoja haikuzuka bila sababu. Ini lililokwisha kujaa makovu halina akiba: virusi vikipata usugu dhidi ya dawa na kuanza kuzaliana upya, mgonjwa aliyekuwa na nafuu anaweza kujaa maji tumboni, kugeuka macho ya manjano na kuchanganyikiwa akili katika muda mfupi. Wanaotetea tiba mseto hukumbusha yaliyotokea kwa lamivudini, dawa ya awali dhidi ya virusi hivi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004, likiwa na wagonjwa 651 wenye sirosisi au makovu mengi, lilionyesha kwamba ugonjwa ulizidi kwa asilimia 7.8 ya waliotumia dawa hiyo, na kwa asilimia 17.7 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini waliopata usugu walipoteza sehemu ya faida hiyo, na baada ya miaka mitano ya matumizi usugu huweza kufikia karibu asilimia 70. Kwa watu hao, kuongeza adefoviri, dawa nyingine ya virusi hivyo, juu ya lamivudini lilikuwa jambo la busara.

Sioni kama hoja hiyo bado inasimama, kwa mgonjwa ambaye hajawahi kutumia dawa, baada ya kuja kwa entekaviri na tenofoviri, dawa zenye nguvu zaidi. Wengi huitegemeza juu ya mfano wa VVU na kifua kikuu, ambako dawa moja peke yake ni hatari. Mfano huo una kasoro. Katika magonjwa hayo tiba huunganisha dawa zinazoshambulia mahali tofauti, ilhali entekaviri, tenofoviri na lamivudini zote huzuia kimeng'enya kilekile ambacho virusi vya homa ya ini B hukitumia kunakili vinasaba vyake. Hakuna hata moja inayoiondoa hifadhi ya vinasaba iliyojichimbia ndani ya kiini cha seli ya ini, na ndiyo maana kuziunganisha hakuleti uponyaji ambao mgonjwa angeutarajia.

Takwimu zinaelekea upande huohuo. Katika utafiti wa mwaka 2012 kwa wagonjwa wa homa ya ini B ya muda mrefu, baada ya wiki 96 virusi vilikuwa vimeshuka hadi kiwango kilicholengwa kwa asilimia 83 ya waliotumia entekaviri pamoja na tenofoviri, na asilimia 76 ya waliotumia entekaviri pekee. Kitakwimu, tofauti hiyo haikuthibitika, ingawa wenye virusi vingi mno walionekana kunufaika zaidi na mseto. Matokeo ya tenofoviri pekee, yaliyotolewa mwaka 2013, yananigusa zaidi: kati ya wagonjwa 96 walioanza wakiwa na sirosisi, asilimia 74 hawakuwa nayo tena vipande vya maini yao vilipochunguzwa baada ya miaka mitano.

Hata hivyo, zipo hali ambazo mseto una nafasi yake halali. Mwenye VVU pia huhitaji tenofoviri pamoja na lamivudini au emtrisitabini, dawa inayofanana nayo, ndani ya tiba yake kamili, na kumpa entekaviri peke yake ni kuvifundisha VVU usugu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 nao unakubali michanganyiko hiyohiyo pale ambapo tenofoviri pekee haipatikani, na ni sawa, kwa sababu kusubiri kidonge kimoja huku ini likiharibika ni kosa kubwa zaidi. Kuhusu interferoni, sindano inayochochea kinga ya mwili, sina shaka: ini likishashindwa kazi, isitumike, iwe peke yake au ndani ya mseto.

Linalonisikitisha ni kwamba mjadala huu huufunika mseto mwingine ambao mgonjwa wa sirosisi anauhitaji kweli, yaani dawa ya virusi pamoja na matibabu ya madhara ya sirosisi yenyewe: karvediloli au propranololi kwa shinikizo la mshipa mkuu wa ini, spironolaktoni na furosemidi kwa maji ya tumboni, laktulosi kwa mkanganyiko wa akili. Figo zichunguzwe mara kwa mara, hasa kwa anayetumia tenofoviri, na ultrasaundi ya ini ifanywe kila miezi sita hata virusi visipoonekana tena damuni, kwa kuwa hatari ya saratani ya ini hupungua bila kwisha.