Majaribio ya dawa kwa wajawazito: Kigoma ilishauliza swali lake

Gari la watafiti likisimama mbele ya zahanati, iwe Uvinza au Kaliua huku magharibi mwa Tanzania, maneno yanayopita kwenye benchi la wajawazito ni yale yale: wamekuja kutujaribia dawa. Wapo wanaocheka na kuyaita ujinga wa vijijini. Mimi naona yanastahili jibu, maana nusu yake ni kweli. Jaribio la kitabibu ni jaribio, hata ulipambe vipi. Mama mmoja anapewa dawa ambayo bado haijulikani kama itamfaa, mwenzake anapewa dawa ya zamani au kidonge kisicho na kitu ndani, na anayeamua nani apate nini ni kompyuta, kwa bahati nasibu. Kwa mtu aliyebeba roho mbili, hofu hiyo haihitaji kutafutiwa sababu.

Kwa hiyo tuipime hofu hiyo kwa uzito wake, na tuanzie nyumbani, kwa sababu Kigoma si mgeni katika mambo haya.

Katikati ya miaka ya 1980, marehemu Dkt. Godfrey Mbaruku, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, alikaa na mafaili ya akina mama waliofia katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma na kuuliza kila mmoja alikufa kwa nini. Hapakuwa na dawa mpya iliyojaribiwa. Kilichofuata ni kutumia vizuri watumishi waliokuwepo, kutafuta mahitaji palepale mkoani, kuzungumza na jamii, na watumishi kukaa kila mara kutathmini kazi yao wenyewe. Vifo vya uzazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, kati ya mwaka 1984 na 1991. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande unaopinga majaribio, na cha ajabu wapinzani wenyewe huisahau. Mama wa Kalya au wa Sikonge hafi kwa sababu sayansi haijui namna ya kumwokoa. Anakufa kwa sababu damu salama haipo, mtumbwi umechelewa, njia imekatika kwa mvua, au mtu wa kumfanyia upasuaji yuko mbali. Sasa kwa nini umletee swali jipya wakati majibu ya zamani hayajamfikia? Fedha ya jaribio moja kubwa ingenunua majokofu ya benki za damu mkoa mzima. Bado sijasikia mtafiti anayeijibu hoja hii bila kujiumauma.

Ila Dkt. Mbaruku huyo huyo, miaka kadhaa baadaye, alirudi na utafiti wa aina nyingine kabisa. Wakati ule wanawake wengi wa vijijini Kigoma walikuwa wakijifungulia nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi, na muuaji mkubwa alikuwa damu baada ya kuzaa. Hospitalini kuna sindano ya oksitosini ya kuzuia damu hiyo, lakini inataka ubaridi na mtu wa kuidunga. Misoprostoli, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni vidonge, havidai jokofu. Tatizo lilikuwa hili: mkunga asiye na kipimo chochote atajuaje kwamba damu imezidi?

Jibu lilikuwa limetandikwa chini ya mzazi. Kanga za dukani zina ukubwa unaokaribiana, na kila mama anazo. Watafiti walipima kiasi cha damu ambacho kanga inabeba, wakaona kwamba zikilowa mbili, mama ameshapita mililita 500, kiwango ambacho wauguzi hukihesabu kuwa ni kutokwa damu kupita kiasi. Mkunga akafundishwa: kanga ya pili ikilowa, weka vidonge vitano vya mikrogramu 200 kwa njia ya haja kubwa. Utafiti ulichapishwa mwaka 2005. Eneo lenye dawa lilikuwa na wanawake 454, eneo la kulinganisha 395. Kati ya waliotokwa damu kupita kiasi, waliolazimika kupewa rufaa kwenye eneo lenye dawa hawakufika asilimia 2. Kwenye eneo la kulinganisha walikuwa asilimia 19.

Tuvute pumzi hapo kwenye "eneo la kulinganisha", kwa sababu ndipo penye donda. Wale 395 walipata huduma iliyokuwepo siku zote, yaani mkunga akiona damu imezidi, anampeleka mama kituoni. Hawakunyang'anywa chochote walichokuwa nacho. Hilo ni kweli, na kamati za maadili huridhika nalo. Lakini walikuwa wanaishi mkoa mmoja na wenzao wenye vidonge. Ukimweleza mama mkwe aliyembeba mkwewe kwenye machela usiku kwamba ng'ambo ya mlima kuna mkunga mwenye dawa, na kwamba huku haikuletwa ili tupate cha kulinganisha, utahitaji maneno ya ziada. Upande wa pili utasema: bila hao 395, hakuna ambaye angeamini kwamba mkunga wa jadi anaweza kuaminiwa na dawa ile. Nao wana haki. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliingiza misoprostoli katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kuzuia damu baada ya kuzaa, na mwaka uliofuata likakubali itolewe na wahudumu wa jamii pale ambapo hakuna mkunga mwenye mafunzo. Ushahidi ulitoka sehemu nyingi, Kigoma ikiwemo.

Mimi ningeukubali utafiti ule. Swali lake lilizaliwa kwenye chumba ambamo mwanamke wa Kigoma alikuwa anajifungulia, kipimo chake kilikuwa nguo yake mwenyewe, na jibu lisingeweza kupatikana London wala Muhimbili.

Sasa tuwageukie wanaosema wajawazito waachwe kabisa, wasiguswe. Huonekana ni huruma, na mara nyingi wanatajwa watoto wa thalidomaidi, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Lakini ile dawa haikuwahi kupimwa ipasavyo kwa wajawazito. Iliuzwa tu. Walioumia walikuwa ndani ya jaribio ambalo hakuna aliyeliandika wala kulisimamia.

Jambo hilo hilo linatokea kimya kimya kwenye kliniki zetu. Chukua malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Tabora ikiongoza nchini kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa asilimia 23. Mjawazito wa miezi miwili akiugua malaria Urambo, kwa miaka mingi mwongozo ulisema apewe kwinini: siku saba, mara tatu kwa siku, masikio yanavuma, tumbo linakataa. Dawa mseto ilikuwa rafu moja pembeni, ila ilihofiwa katika miezi mitatu ya kwanza kwa kuwa haikuwa imejaribiwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili msimamo na kuiruhusu. Ushahidi ulitoka wapi? Kwa kiasi kikubwa, kwa wanawake waliomeza mseto kabla hawajajua kuwa ni wajawazito, kisha watafiti wakafuatilia mimba zao. Jaribio lilifanyika hata hivyo. Walilifanya wanawake wenyewe, bila fomu wala ridhaa, na bila mtu wa kumpigia simu wakizidiwa.

Visa vya namna hii viko vingi. Mwaka 2018 takwimu za awali kutoka Botswana zilizusha shaka kwamba dolutegraviri, dawa ya VVU, inadhuru uti wa mgongo wa mtoto aliye tumboni, na wanawake wengi Afrika wakawekewa masharti ambayo wanaume hawakuwekewa; takwimu zilipoongezeka hatari ikaonekana ndogo mno, na mwaka 2019 dawa ikapendekezwa kwa wote. Ebola ilipolipuka mashariki mwa Kongo mwaka 2018, wajawazito hawakupewa chanjo mpaka mwaka uliofuata, ingawa Ebola ikimkuta mjamzito mara nyingi humwua yeye na mimba yake. Kwa watu wa Ujiji, ambao maboti ya Kongo ni majirani wa kila siku, hili halikuwa habari ya mbali.

Tena jaribio halipo kwa ajili ya kuthibitisha tu kwamba dawa mpya ni nzuri. Vimelea vya malaria vimeizoea SP, ile dawa ya kuzuia malaria ambayo wajawazito huimeza kliniki mbele ya nesi, na wengi walitamani ibadilishwe. Wanawake 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania walishiriki kuipima dhidi ya dihidroatemisinini-piperakwini, na matokeo yakatoka mwaka 2023. Dawa mpya ilizuia malaria vizuri zaidi, lakini matatizo ya mimba na ya watoto wachanga yalikuwa asilimia 27.9 kwa walioitumia, na asilimia 23.3 kwa waliobaki na SP. Pasipo utafiti ule, tungebadili dawa kwa nia njema na kuongeza madhara.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni ridhaa, hasa ya mama aliye kwenye uchungu. Jaribio la WOMAN, lililoratibiwa kutoka London na kuchapishwa mwaka 2017, liliwahusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwa mojawapo. Lilionyesha kwamba asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya kutokwa damu, hasa ikitolewa ndani ya saa tatu. Ni kazi kubwa, na imeokoa watu. Lakini fikiria namna ya kumwomba ridhaa mtu ambaye damu inamwishia. Utaratibu ulikuwa kwamba anayeweza kuelewa aulizwe mwenyewe, aliyezidiwa asemewe na ndugu, na ikishindikana daktari aamue, kisha mama aombwe ridhaa akipata nafuu.

Kwenye karatasi inaeleweka. Kwenye wodi ya wazazi, "ndugu" ni nani? Mume yuko ziwani kwenye dagaa au kwenye mabani ya tumbaku, simu haipatikani. Aliyepo ni wifi mwenye beseni na kanga mbili, anayeogopa kusema ndiyo na anaogopa zaidi kusema hapana. Akiletewa fomu ya kurasa kadhaa za Kiswahili cha ofisini, naye Kiha ndicho anachokiwaza, atauliza tu, "Nesi, niweke wapi kidole?" Kidole gumba kinapakwa wino, shahidi anasaini, na sheria imetimia. Na anayeuliza mara nyingi ni nesi yule yule atakayemhudumia usiku kucha. Kukataa mbele yake kunataka moyo. Bado sijamgusia mama mwenye miaka 17, aliyeolewa, ambaye anayesimama kama mlezi wake ni mume aliyemwoa.

Wapo watakaosema basi tusifanye majaribio ya dharura. Hapo sikubaliani nao, kwa sababu anayetokwa na damu ndiye mwenye haja kubwa ya dawa iliyopimwa. Ila sharti langu la kwanza ni kwamba mazungumzo yasisubiri chumba cha kujifungulia. Mama anahudhuria kliniki miezi kadhaa, anakaa benchini asubuhi nzima. Hapo ndipo aelezwe, kwa lugha anayoiota, na mtu ambaye hatamzalisha. Jibu lake liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, na awe huru kulibadilisha.

Sharti langu la pili linahusu kinachobaki. Jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania katika hospitali 80, lilitumia mfuko wa plastiki wenye mistari unaotandikwa chini ya mzazi ili damu ipimwe mapema, kisha matibabu yote yatolewe kwa pamoja. Matatizo makubwa ya kutokwa damu yalikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 kwenye hospitali za kulinganisha. Ukiangalia vizuri, ni wazo la kanga ya Kigoma, safari hii likiwa na mistari. Lakini kanga mama anakuja nayo. Mfuko lazima ununuliwe, na zahanati ya Buhigwe ambayo mara nyingine inamwagiza mzazi aje na glavu zake haitaununua kwa nguvu zake. Kwangu, jaribio lisilosema mapema nani atalipia dawa au kifaa likishafaulu halina ruhusa ya kuanza, hata kama hesabu zake ni safi.

Na matokeo yarudi. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kinadai ripoti zifike wizarani na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya. Huko hufika. Kutoka kabati la mganga mkuu mpaka benchi la zahanati, hakuna anayelazimishwa kuzipeleka, na hapo ndipo maneno ya "walikuja wakachukua damu wakapotea" hupata chakula chake. Kliniki ipo kila wiki. Kusimama dakika kumi na kuwaambia akina mama kwamba dawa waliyosaidia kuipima imeonekana haifai, ndiyo maana hawajaletewa, hakuhitaji mfadhili.