Mbunge wa huku haji msibani

Wadau, huku Houston, jimbo la Texas Marekani, sa hivi ndo ule msimu wa wabunge wa jimbo kupita na karatasi za vipaumbele. Uchaguzi Novemba 3, halafu Bunge la Texas linaanza Januari 12, 2027. Huyu wa eneo letu kaandika vitatu tu: kodi ya majengo, mafuriko, na gridi ya umeme. Nimeisoma nikacheka peke yangu maana ukifuta neno Texas hiyo ni karatasi ya mgombea wa Kinondoni kabisa, maji yanaingia ndani, umeme unakatika, kodi inauma.

Kabla hamjaniita kibaraka wa mabeberu mnisikilize kwanza.

Hili Bunge la Texas linakaa mara moja kila miaka miwili, siku 140 basi, na humo humo wanapitisha bajeti ya miaka miwili. Mshahara wa mbunge dola 600 kwa mwezi, imeandikwa kwenye katiba yao tangu 1975, na juu yake posho ya siku za kikao. Dola 600 bana! Dogo niliyemwingiza kwenye kazi ya kulea wazee anaipata kwa wiki na chenji inabaki. Sasa ndani ya hizo siku 140 inaletwa miswada zaidi ya 8,000, mingi inafia kwenye kamati bila hata kusomwa na mtu, mingine inafia Mei kwa sababu kalenda imeisha, kwa hiyo mbunge akikwambia ana vipaumbele kumi na tano ujue huyo hana hata kimoja. Watu wa huku hilo wanalijua.

Nilienda kumsikiliza kwenye maktaba ya mtaani, viti vya plastiki, kahawa ya bure, watu labda thelathini. Akaanza kuongea vizuri, mitaro hivi, mitaro vile. Kuna bibi mmoja kakaa mbele na faili lake la risiti za kodi magotini, akanyoosha mkono, akamuuliza: mara ya mwisho ulisema hivi hivi, muswada wako ulikuwa namba ngapi na ulifia kamati gani? Hakuna shikamoo wala mheshimiwa. Na jamaa akajibu, akataja namba, akataja kamati, akasema mwenyekiti hakuupangia siku. Asingeweza kudanganya maana kila mtu pale ana simu na tovuti ya Bunge lao inaonyesha muswada umekwama wapi na nani alipiga kura gani. Mimi nimekaa nyuma kule nawaza, hivi kwetu mara ya mwisho nani alimuuliza mbunge namba ya muswada?

Kwetu tunajua "Je, Serikali haioni sasa umuhimu wa..." Waziri anasimama, Serikali inaendelea na jitihada, tunaomba wananchi wawe na subira, makofi, naunga mkono hoja. Ule mgao wa umeme wa 2023 mnakumbuka, maswali ya nyongeza yaliulizwa mpaka basi, ila muswada wa mbunge binafsi mi sikuusikia. Huku Februari 2021 baridi iliua umeme, serikali yenyewe ya jimbo ikahesabu watu 246 waliokufa, na kosa likaonekana, Texas wana gridi yao wenyewe ambayo karibu haijaungana na wenzao, na mitambo ilikuwa haijaandaliwa kwa barafu. Mwaka huo huo wakapitisha sheria ya kulazimisha mitambo ikingwe na baridi. Imetosha? Haijatosha, ndo maana gridi bado iko kwenye karatasi ya huyu jamaa.

Kodi ya majengo nayo. Nyumbani mnakatwa 1,500 kwa mwezi kwenye LUKU na mnalia, njooni muone. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo moto wote unawashwa kwenye nyumba yako, mimi yangu inapita dola elfu tano kwa mwaka. Mwaka jana Novemba wakapigia kura nafuu, nyumba unayoishi mwenyewe wanakuondolea dola 140,000 za thamani kabla ya kukupigia kodi ya shule, yani ya 300,000 unalipia kama ya 160,000. Ilikuwa 100,000 tangu 2023. Hiyo ilianza kama kipaumbele cha wabunge kwenye karatasi kama hii hii.

Nikampigia mjomba Morogoro nikamsimulia yote haya kwa mbwembwe. Akasikiliza weee, mwisho akauliza, sasa huyo mbunge wenu msibani anakuja? Nikamwambia haji. Saruji ya zahanati analeta? Haleti, hana mfuko. Akasema basi wa nini huyo.

Na mjomba ana hoja yake msimcheke. Pale kijijini jeneza, gari la kuleta mwili, mchele wa matanga, hivyo ndo vitu ambavyo serikali haitoi na mheshimiwa anatoa. Tumempa Mfuko wa Jimbo, tunampima kwa bati na jezi, naye anatoa bati na jezi. Halafu hata akitaka kubishana na chama chake, Ibara ya 71 ya Katiba inasema uanachama ukiisha na kiti kimeondoka. (Najua mtanitajia wale kina mama 19 wa viti maalum waliofukuzwa CHADEMA wakabaki bungeni, ile habari nyingine ile.) Texas 2023 wabunge 21 wa Republican walimgomea gavana wa chama chao kuhusu hela ya serikali kwenda shule binafsi, mpango ukaanguka kura 84 kwa 63. Gavana alinuna, akawafuata kwenye kura za maoni za 2024 akawaangusha kadhaa, na 2025 mpango ukapita, dola bilioni moja. Lakini ilibidi awaombe wananchi wawaangushe. Hakuwa na barua ya kuwavua ubunge.

Msidhani huku ni peponi. Dola 600 maana yake mlinzi au nesi hawezi kugombea, nani ataacha kazi miezi mitano? Wanabaki mawakili na wenye biashara zao, na wenye makampuni ya mafuta wamejaa kwenye korido za Bunge kule Austin. Na mi mwenyewe kura sina, nina karatasi za ukaazi tu, ila kwenye kamati yeyote anajiandikisha na kuongea, dakika mbili tatu taa nyekundu inawaka unakaa chini.

Miswada inaanza kupokelewa Novemba 9. Nimeshaweka alamu. Ya kodi na gridi najua atapeleka, hizo kila mtu anapeleka. Mi nasubiri ya mitaro, maana barabara yetu toka kimbunga Harvey cha 2017 mvua ya nusu saa tu unavua viatu.