Bei kwa wakia, bei kwa robo galoni

Chupa mbili za mafuta ya kupikia zimepangwa rafu moja katika duka la Marekani. Kibandiko cha ndogo kinasema senti 11 kwa wakia (ounce). Cha kubwa kinasema dola 3.20 kwa robo galoni. Ipi nafuu? Robo galoni ni wakia 32, kwa hiyo gawa: senti 10. Kubwa ndiyo nafuu, lakini jicho limeshaiona 3.20 na kuikimbia.

Kinachoniudhi ni kwamba lita imeandikwa palepale kwenye chupa. Tangu 1994 sheria yao inataka bidhaa nyingi za dukani ziandikwe vipimo vyote viwili, vya kwao na vya metriki. Soda wanainunua kwa chupa ya lita 2, mvinyo kwa mililita 750, vidonge kwa miligramu. Wanaijua lita vizuri. Ila sheria ya 1975 iliacha kuhamia metriki kuwe hiari, na kibandiko cha rafuni kikabaki kizamani.

Sasa atatokea wa kuniambia, "Umepanda ndege juzi, leo unawafundisha Wamarekani! Lumbesa umeisahau?" Sijaisahau, gunia lile lililojazwa kupita kipimo, wala debe lililobonyezwa kitako. Kwetu wizi uko kwenye chombo, na unauma. Lakini kilo yenyewe haina lawama: mmoja akitaja bei ya kilo ya sukari na mwenzake ya nusu, mtoto wa darasa la tatu anakwambia nani ghali. Hilo ni jambo la kujivunia, tuseme wazi. Mbao na mabomba bado tunanunua kwa inchi, nakubali, hapo hatujamaliza kazi.

Balaa kubwa ni wakia, jina moja lenye vipimo viwili. Wakia ya uzito ni gramu 28.35, ya ujazo ni mililita 29.57. Maelezo ya mapishi yakisema wakia 8 za unga, mgeni hujaza kikombe cha kupimia, kwa kuwa kimeandikwa wakia 8. Kikombe hicho ni mililita 237, na unga humo hauzidi sana gramu 120 au 130. Zilizotakiwa ni 227. Donge la maandazi linageuka gundi, unaongeza unga kwa kukisia, na kipimo chote cha sukari na hamira kimeshaharibika.

Nunua mizani ya jikoni, ibonyeze mpaka isomeke gramu. Dukani usisome kibandiko. Geuza pakiti, tafuta gramu au mililita, gawa bei kwa namba hiyo, zidisha kwa 1,000. Chupa ile ndogo, dola 5.28 kwa lita 1.42, inatoka dola 3.72 kwa lita. Ile kubwa, galoni ya dola 12.80, yaani lita 3.785, ni 3.38. Nyama ya kupimwa buchani mara nyingi haina gramu: zidisha bei ya ratili (pound) kwa 2.2, hiyo ndiyo bei ya kilo.