Mwanafunzi akitega swali, anajifunza nani?

"Kitendawili!" "Tega!" Na ukishindwa, unatoa mji. Watoto wetu walipimana akili hivi kabla mtaala wowote haujazungumzia umahiri. Kwa hiyo mwalimu wa Dar es Salaam anayewaambia wanafunzi watunge wenyewe michezo ya somo, kwa maboksi na vizibo vya soda, hajaleta kitu kigeni. Ninachojiuliza ni kama kazi hiyo inastahili kula kipindi cha dakika 40.

Faida yake mimi naiona mahali pasipotajwa sana: kwenye majibu yasiyo sahihi. Mwambie mtoto wa darasa la sita atunge swali la kuchagua, 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6, hilo atalipata kwa kanuni. Ila ili awanase wenzake, lazima abuni jibu bovu linalofanana na la kweli. Ataandika 2/5, mtego wa anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mtoto anayejua mwenzake atateleza wapi amelielewa somo kuliko aliyepata vema kumi. Mtihani wa darasa la saba umejaa maswali ya kuchagua, na wanafunzi wanakesha wakiyajibu; upande wa mtegaji hawakai kamwe.

Sasa gharama. Uwiano uliowekwa kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na mzazi wa Mbagala au Gongo la Mboto atakuambia madarasa yanavyofurika. Makundi 15 yakitunga, nani atakagua? Kosa moja likiandikwa vizuri kwenye kadi litachezwa wiki nzima, na kuling'oa vichwani baadaye ni shughuli. Halafu yupo yule mjuaji anayetunga kila kitu huku wenzake wakipaka rangi.

Linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni michezo yenyewe. Ukiliacha kundi huru litakuletea nyoka na ngazi: rusha dadu, jibu swali, panda. Hapo swali ni nauli tu, anayeshinda ni dadu. Linganisha na bao. Asiyehesabu kete kichwani hafiki popote, maana hesabu ndiyo mchezo wenyewe. Mchezo wa hesabu za sehemu ungekuwa hivyo: boksi limegawanywa nusu, robo na thumuni, na asiyejua kwamba robo mbili ni nusu hana pa kuweka kizibo chake. Lakini kubuni mchezo wa namna hiyo kunamtoa jasho hata mtu mzima.

Ningekuwa mwalimu, nisingewadai mchezo mzima. Ningefundisha mada hadi mwisho, kisha kila kundi litunge swali moja tu, lenye jibu sahihi na mitego mitatu, na lieleze kila mtego unamnasa nani. Kadi 15 mwalimu anazimaliza akiwa kwenye daladala, foleni ikiruhusu. Kundi litakaloshindwa kueleza mtego wake, litoe mji.