Kikao cha Luku

Vyumba saba, luku moja. Aliyewahi kupanga Magomeni hahitaji maelezo zaidi. Mnachanga, mnanunua uniti za umeme, na zikiisha kabla ya siku yake lazima apatikane wa kulaumiwa. Kwa muda mrefu lawama zilikuwa za Dogo, kijana anayesomea umeme VETA, kwa sababu ya sabufa yake. Kisha Dogo akaenda kwao Tanga likizo, sabufa ikanyamaza, na uniti zikaendelea kuyeyuka. Macho ya uani yakahama taratibu, chumba hadi chumba, yakatua kwa anti wa chumba cha mwisho, yule anayerudi kutoka kazini Posta na mifuko ya karatasi inayonukia. Huyo ndiye mimi.

Ugonjwa wa kahawa sikuzaliwa nao. Kwetu ni watu wa chai, kama nyumba nyingi za nchi hii: kahawa tunalima, inapigwa mnada Moshi, inapanda meli, nasi tunarudi kwenye chai yetu ya rangi. Aliyeniharibu ni kijana wa mgahawa mmoja mdogo wa Msasani nilioingia kukwepa mvua. Meza chache, mwenye duka mwenyewe yuko kaunta, na kijana ananiuliza nataka ya Mbozi au ya Mbinga. Mimi nilikuwa najua kahawa inatoka kwenye kopo.

Espresso ikaja. Kikombe kidogo, nusu yake hewa, shilingi 4,000. Nikatazama kikombe, nikamtazama kijana, nikasubiri iliyobaki iletwe. "Ndiyo hiyo, dada," akasema. Nikanywa kwa hasira. Kwanza ulikuja uchachu wa limau, ukafuata utamu ambao hakuna aliyeutia sukari, halafu uchungu kidogo wa kuagia, na juu yake lile povu zito wanaloliita krema likanibaki kwenye mdomo wa juu mpaka nyumbani. Wiki hiyohiyo nikarudi, na mvua hakukuwa.

Tangu hapo nikawa mtu wa kutafuta migahawa ya namna ile: Masaki, Mikocheni, vichochoro vya mjini. Napenda mahali ambapo ukiuliza kahawa imekaangwa lini unatajiwa siku, hupewi tabasamu. Napenda mwenye mgahawa anayekukatalia sukari mpaka uonje kwanza, hata kama pesa ni yako. Tatizo ni kwamba mshahara wangu haukuajiriwa Masaki. Nikapiga hesabu, nikaona nafuu ninunue mashine yangu. Hesabu yenyewe msiniombe niirudie.

Mashine niliipata kwa familia moja ya Oysterbay iliyokuwa inarudi Ulaya na kuuza kila kitu hadi kamba za kuanikia nguo. Nikaipakia kwenye bajaji, nikaiingiza ndani saa nne usiku imefunikwa khanga, kama maiti ya mtu mfupi. Nyuma ilikuwa na kibandiko: wati 1,350. Nikakisoma, nikakigeuzia ukutani.

Espresso ya nyumbani inataka mtu mwenye subira na asiye na majirani. Unapima gramu 18 za kahawa iliyosagwa, unaishindilia kwenye kikapu cha matundu, mashine inaisukumia maji ya nyuzijoto 90 na kitu kwa presha ya bar 9, na ndani ya sekunde 25 hadi 30 unatakiwa uwe na gramu 36 kwenye kikombe. Ukiisaga nene, maji yanapita mbio na kahawa inatoka chachu. Ukiisaga laini mno, mashine inaguna, inadondosha tone moja, inasusa. Blenda haifai kabisa, inakupa mapande na vumbi kwa pamoja. Kwa hiyo nikanunua kinu cha umeme, na nikaenda Kariakoo kuchukua mizani ile midogo wanayotumia masonara.

Sasa vuta picha. Saa kumi na moja alfajiri, Mama Barafu anapita dirishani kwangu na ndoo. Pazia halijafunga vizuri. Ndani kuna muungurumo, unanyamaza, halafu anamwona anti kainama na tochi ya simu mdomoni, anapima unga wa kahawia kwenye mizani ya sonara, anaupunguza kwa ncha ya kijiko, anaupima tena. Alinisalimia vizuri sana asubuhi ile. Vizuri kupita kiasi. Jioni yake mjumbe akapita kutujulisha kwamba Jumapili baada ya Alasiri kuna kikao.

Bi Mkubwa, mwenye nyumba, alikalia kiti. Sisi wengine tulikalia ndoo na mikeka. Mjumbe alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Mzee Kashata, muuza kahawa wa kona, naye aliitwa na jiko lake na dele lake, kwanza kwa kuwa wazee hawafanyi kikao na koo kavu, pili kwa kuwa pale konani husikia yote. Ajenda ya kwanza ilikuwa uniti. Ya pili ilikuwa mengineyo, na mengineyo yote yalikuwa yananitazama mimi.

"Mwanangu, hapa hatugombani," akaanza mjumbe. "Tunataka kujua tu, ule muungurumo wa alfajiri ni wa nini?"

"Kahawa, baba."

Mzee Kashata akaacha kugonganisha vikombe. "Kahawa ndiyo inaunguruma?"

Nikaeleza. Nikaeleza mashine, nikaeleza presha, na kwa kuwa nilikuwa na woga nikaeleza hata yasiyoulizwa: kwamba mambo haya si ya jana, kwamba kule Italia, mjini Turin, bwana mmoja Angelo Moriondo alisajili mashine ya namna hii tangu mwaka 1884.

"Huyo naye kapanga hapa?" akauliza Bi Mkubwa.

"Hapana, bibi."

"Basi mwache."

Bei ya Msasani nayo ikanitoka, ile 4,000, na uwanja mzima ukafanya "Ha!" Dogo, aliyekwisha rudi likizo na aliyekuwa na furaha isiyofichika ya mtu aliyeondolewa kwenye orodha, akatoa simu akapiga hesabu. Wati 1,350 kwa dakika 20 za kupasha moto ni uniti 0.45. Kwa bei ya uniti, akasema, ni kama shilingi 160.

"Mia na sitini," akarudia Mzee Kashata polepole. "Mimi kikombe kizima nauza mia. Huyu mia na sitini ni kuwasha jiko tu, kahawa bado haijatiwa."

Nikajaribu kujitetea kwamba haivuti muda wote, ikifika kwenye joto lake inajizima na kujiwasha, kama friji.

"Friji liacheni," akasema Mama Barafu haraka. Sikulitilia maanani wakati ule.

Mjumbe akaamua kwamba kidhibiti kiletwe, kiwashwe, kila mtu aone luku inavyokimbia. Ekstensheni ikapitishwa dirishani, mashine ikawekwa juu ya meza ya Bi Mkubwa, Dogo akasimamishwa kwenye luku atangaze tarakimu. Watoto wakapanda ukuta. Nikaanza kusaga, na Mzee Kashata akaja kunusa. Akachota kidogo kwa vidole, akatazama rangi.

"Mbona haijaiva hii?"

"Ndivyo inavyokaangwa, mzee. Ni ya Mbozi, ukiiunguza sana inapoteza ladha yake ya matunda."

Akawageukia wazee wenzake. "Ladha ya matunda. Si anywe juisi?"

Mzee huyu anakaanga kwenye chungu mpaka buni ziwe nyeusi na kung'aa, anatwanga, anachemsha, anakupa na kipande cha kashata. Nimekunywa kahawa yake miaka yote na sina neno nayo. Lakini siku ile nilitaka krema imwumbue. Nikashindilia kwa uzito wangu wote, nikafunga mkono wa mashine, nikabonyeza.

Pampu ikapiga kelele. "Inakimbia! Inakimbia!" akaita Dogo kutoka kwenye luku. Tone la kwanza likaanguka, jeusi, la pili, kisha uzi mwembamba wa rangi ya asali ukaanza kushuka na hata Bi Mkubwa akainuka kwenye kiti. Kisha, pap! Umeme ukakata. Pampu kimya, feni kimya, redio ya chumba cha tatu kimya.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kitaalamu, maana ndilo lililoiharibu kanzu. Bar 9 si mchezo. Tairi la gari dogo lina mbili na kitu. Mashine za migahawani, ukimaliza, huwa na vali inayoachia ile presha itokee pembeni, ndiyo ule mlio wa "chwii" unaousikia ukiwa umekaa na gazeti lako. Mashine nyingi za bei nafuu hazina vali hiyo. Yangu haina. Pampu ikisimama ghafla, presha inabaki imefungiwa juu ya kahawa, inatafuta pa kutokea, na kahawa iliyosagwa laini haiipi njia. Dawa ni kuiacha itulie.

"Msiguse!" nikasema. "Ina presha!"

"Presha hata mimi ninayo," akasema mjumbe, "nameza vidonge kila siku." Akashika mkono wa mashine, akauzungusha.

Siwezi kuuandika ule mlio. Kikapu kilitoka, na nyuma yake kahawa yote gramu 18 kwa sura ya tope, ikaenda pande zote isipokuwa chini. Kanzu ilipokea sehemu kubwa. Kofia ilipata yake. Dera la Bi Mkubwa, lililokuwa na maua ya njano, likaongezewa mengine. Watoto walishuka ukutani bila kutumia miguu. Mzee Kashata peke yake hakupata hata tone: miaka yote ya kukaa na makaa imemfundisha, aliposikia neno presha alikuwa ameshakumbatia vikombe vyake na kugeuza mgongo.

Hakuna aliyeungua, nashukuru. Mjumbe alisimama hajasema neno, matone yanamshuka kwenye masharubu. Akatoa ulimi, akaonja.

"Hii," akasema, "ndiyo ya elfu nne?"

Nikafungua mdomo kuomba radhi, lakini Dogo aliniwahi. Alikuwa ameshafungua kisanduku cha umeme na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya fundi. "Meni swichi imeruka. Lakini jamani, hii ni ya ampea 20. Mashine ya anti inakula sita tu." Akatutazama mmoja mmoja. "Hizo 14 nyingine ziko kwa nani?"

Sijawahi kuona kikao kinapoa haraka vile. Mtu mmoja akakumbuka ana sufuria jikoni. Mwingine akasema mtoto anamwita, na hana mtoto. Mjumbe, akiwa bado na tope mpaka kifuani, akasema hakuna kutoka, akaanza msako.

Chumba cha pili kilikutwa na jiko la umeme chini ya kitanda, maharage yakiwa yameanza kuiva vizuri. Chumba cha nne, pasi imesimama juu ya meza, bado ya moto. Mwenyewe alikuwa kikaoni akichangia hoja kuhusu ubadhirifu. Chumba cha tano kulikuwa na hita imetumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Kwa Mama Barafu friji lake tulilijua, la kugandishia barafu za ubuyu, lakini kwenye pembe, nyuma ya pazia, kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa mashuka mawili.

"Hilo kabati," akasema.

Dogo akapandisha swichi. Kabati likatetemeka, likaanza kuunguruma.

Nilikuwa najisikia vizuri wakati huo, sitaki kudanganya. Nilitembea nyuma ya mjumbe kutoka mlango hadi mlango na kitambaa changu cha kufutia mashine begani. Tulipomaliza vyumba, Dogo akasema bado hesabu haijafunga, kuna waya mmoja unaotoka kwenye kisanduku ambao hauendi kwa mpangaji yeyote. Tukaufuata kwa tochi. Ukapanda darini, ukatokea nyuma, ukaruka ukuta, ukaingia kwenye banda la Bi Mkubwa. Ndani kulikuwa na taa za kupasha vifaranga, nimezihesabu mpaka nane, na chini yake vifaranga wamejaa tele, wanene, wenye furaha, wanaokula luku ya vyumba saba.

Mjumbe akamtazama Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akatazama mbingu.

"Magharibi imeingia," akasema. "Kikao kimefungwa."

Na kweli kilifungwa. Ajenda ya uniti haijarudi mpaka leo, na kila mwezi tunachanga kwa heshima bila kuulizana. Mimi nililipa dobi wa kanzu, na doa kubwa lilitoka, lile dogo la karibu na mfuko halikutoka. Mjumbe hunionyesha tukikutana. Mashine naiwasha saa mbili asubuhi, mchana kweupe, na mtu asifunge mlango kwa ajili yangu.

Juzi usiku Mzee Kashata alinigongea, kashika mfuko wa buni zake nyeusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kile kinu chako kinachounguruma, huwezi kunisagia kilo mbili? Bega limeanza kunigomea."

"Naweza, mzee. Lakini uniti je?"

Akafikiri, akageuka kutazama upande wa ule ukuta.

"Basi nisagie kesho mchana. Usiku ni zamu ya vifaranga."