Nilivyompa Nyani Shikamoo

Miezi mitatu baada ya ndoa nikaona niwapeleke wakwe zangu hifadhi ya Manyara, wajue binti yao hakuolewa na mtu wa mchezo. Mama mkwe akabeba hotpoti la maandazi na kuku wa kukaanga. Kulilinda nikapewa mimi.

Njia nzima nilijitia mtaalamu. Nyani jike, nikawaeleza, haondoki kwao. Anakaa na mama, dada na shangazi zake, na cheo anarithi kwa mama. Hata kitoto cha jike mkubwa kinaweza kumwondoa mtu mzima kwenye matunda. Dume ndiye anayefungasha akishapevuka, akabishe hodi kwenye kundi la wenyewe. Baba mkwe akaguna.

Tulipokaa kula, dume moja likaja likaketi hatua tano kutoka kwangu. Likapiga mwayo mrefu, chonge zote nje. Nikalionea huruma: na joto lile, usingizi umelizidi! Nikalitabasamia kwa meno yangu yote 32. Uungwana tu.

Likainuka, likaja taratibu kama mwenye mali, likachukua hotpoti mikononi mwangu. Halikunyang'anya, jamani. Lilipokea.

Mama mkwe alivua kandambili akairusha, ikanipata mimi. Dume lilikuwa mtini tayari, linafungua. Mfuniko tulirudishiwa.

Dereva alicheka mpaka akaegemea gari. "Kaka, mwayo ule ni kisu amekuonyesha! Na kwao, kukenua vile ni mdogo anamwambia mkubwa shikamoo, sitaki ugomvi. Sasa umemwamkia huku umeshika chakula, ulitaka afanyeje?" Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa na haja ya kufika kwa baba mkwe, akaongeza kwamba dume lile nalo ni geni, lina wiki chache tu kundini. "Hali yenu moja, ila mwenzako ameshapata hotpoti."

Mto wa Mbu tukasimama, mama mkwe akanunua ndizi nyekundu. Akampa baba mkwe, akawapa shemeji zangu wawili, akampa mke wangu, dereva, na mtoto wa muuza ndizi aliyekuwa amesimama dirishani. Ndipo akanigeukia na nusu.

Nikakenua meno yote.